Fungua kompyuta mbovu usome historia yake: mwongozo wa fundi wa Mwanga, Kigoma

Wanafunzi wanaokuja kwenye karakana yangu hapa Mwanga wanajua kukariri vizazi vya kompyuta, kuanzia vali hadi maikroprosesa, tena kwa mpangilio. Ukimwekea mmoja prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, mkononi, anaigeuza tu bila kujua ni nini. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa yake iko kwenye stoo ya shule nyingi: ile kompyuta ya mezani iliyokufa na kufunikwa gunia. Mwalimu au mzazi yeyote anaweza kuitumia. Mimi nafanya hivi.

Tafuta ya mezani, siyo laptopu. Ikiwa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni bora zaidi, maana utaikuta na tundu la flopi, ile diski laini ya zamani ya kuchomeka. Muulize mwenye mali kwanza, hasa kuhusu hadi diski (hard disk), sehemu inayotunza mafaili, kwa kuwa huenda mna matokeo ya wanafunzi au picha za familia. Vifaa ni bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi, kitambaa cheupe cha kupangia vipande, na kikombe cha skrubu. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde kama 10 ili chaji iliyobaki iishe. Kasha la pawa saplai, linalogawa umeme ndani ya kompyuta, mwanafunzi asiliguse na bisibisi kabisa, kwa sababu kapasita zake, vipande vya kutunza chaji, huweka umeme hata baada ya kuchomoa. Vumbi lipigwe brashi nje, siyo chumbani. Mashine iliyotoka njia ya Kasulu inamwaga udongo mwekundu, na iliyokaa Kibirizi karibu na maji huwa na skrubu zenye kutu, basi weka tone la mafuta ya cherehani usubiri kidogo kabla ya kulazimisha.

Kila kipande kinachotoka kinaulizwa swali moja: kabla yako, kazi hii ilifanywa na nani, na alishindwa wapi?

Anza na prosesa. Fungua kipoza joto cha alumini, futa ile dawa ya kupozea iliyokauka, inua kijiti cha chuma pembeni ya soketi, kisha mpe mwanafunzi aitoe mwenyewe. Pentium 4 ya soketi 478 ina pini 478 chini yake, na mimi huwaacha wazihesabu safu chache. Ndipo ninapowarudisha kwenye ENIAC, kompyuta ya vali iliyozinduliwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Ilikuwa na vali karibu 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Vali ni chupa ya kioo yenye waya unaowaka moto ndani. Kitu cha namna hiyo lazima kiungue, na ikiungua moja hesabu inaharibika. Shida ndiyo hiyo. Mwaka 1947 maabara za Bell zikatoa transista, swichi isiyo na waya wa kuungua. Transista nazo zikawa nyingi hadi kuziunganisha kwa waya mojamoja kukawa mzigo, na mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments akaonyesha kwamba saketi nzima inaweza kutengenezwa kwenye kipande kimoja. Mwaka 1971 Intel wakatoa 4004, prosesa nzima kwenye chipu moja: pini 16, transista 2,300. Pentium 4 ya kwanza, mwaka 2000, ilikuwa na transista milioni 42.

Hapo hapo kwenye ENIAC huwa sipiti haraka. Waliokuwa wakiipangia kazi, kwa kuhamisha nyaya na kuseti swichi, walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Snyder, Jean Jennings, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Nataka majina yote sita yaandikwe daftarini. Wavulana wakija karakana, mkono wao ndio unaokimbilia bisibisi, na wasichana wanabaki kushika tochi. Kwangu bisibisi inaanza kwa msichana. Nakuomba na wewe ufanye hivyo.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haihitaji muda mrefu. Bana vishikizo viwili, itaruka yenyewe. Waambie tu kwamba inasahau kila kitu umeme ukikatika, nao wataelewa mara moja kwa nini diski inahitajika.

Hadi diski ndiyo inayowafumbua macho. Skrubu zake ni za nyota ya ncha sita, kwa hiyo azima bisibisi kwa fundi simu. Fungua ya mezani tu, kwani za laptopu nyingi sahani zake ni za kioo na zinapasuka vipande vikali. Ukishaifungua haitafanya kazi tena. Waonyeshe sahani inayong'aa na mkono mwembamba unaosoma juu yake, na uwaonye kuhusu sumaku mbili za pembeni, maana zinabana kidole hadi damu ivilie. Diski ya kwanza ya aina hii ilitoka IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na mzigo wote ulikaribia tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5, na picha moja ya simu inaweza kuzimaliza zote.

Kisha washa kompyuta nyingine inayofanya kazi iliyo jirani, ufungue sehemu ya mafaili, uwaulize: kwa nini diski inaitwa C? A na B wako wapi? Subiri. Usiwajibie. Mara nyingi mtu mmoja atatazama tundu la flopi kwenye ile mashine mbovu na kuanza kuotea. IBM PC, kompyuta ya mezani ya kampuni ya IBM ya mwaka 1981, ilitoka bila hadi diski, ikiwa na nafasi ya flopi mbili tu, A na B. Mwaka 1983 ilipokuja mdogo wake, XT, yenye diski ya megabaiti 10, herufi iliyokuwa wazi ilikuwa C. Flopi zimekufa, ila nafasi zao hazikupewa mwingine, na kila anayefungua kompyuta pale Ujiji leo anaiona alama hiyo.

Betri bapa ya mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, iache mwisho. IBM PC ya kwanza ilikuuliza tarehe na saa kila ukiiwasha. IBM AT ya mwaka 1984 ikaja na saa inayotembea kwa betri. Wateja huniletea kompyuta wakisema intaneti imeharibika, kumbe betri imeisha, tarehe imerudi miaka 20 nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana bado havijaanza. Badilisha betri, rekebisha tarehe, kazi inaendelea. Mwanafunzi akishajifunza hilo tayari ana kitu cha kumsaidia jirani.

Wataulizia na sisi tulikuwa wapi. Wape jibu kamili: kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini. Waache wajadili sababu, hata wakigombana kidogo.

Kwa kumalizia kazi, kila mmoja achague kipande, akifunge kwa uzi kwenye karatasi ngumu na aandike jina la kipande hicho, mwaka, na shida iliyokileta. Karatasi zitundikwe ukutani darasani. Skrubu na nyaya nzima nipeni au mpeni fundi wenu wa karibu, tunazihitaji. Betri zilizoisha ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto wadogo, na ubao wowote wa kompyuta usichomwe moto nyuma ya shule. Moshi wake ni sumu.