Somo: pawabanki nyembamba ya safari, usipigwe kama mimi

Mugonile wakuu. Mi kazi yangu nazunguka Rungwe kuandikisha wakulima wa parachichi, simu ndo daftari, sasa mwezi uliopita nikaingia mkenge, nikauziwa pawabanki nyembamba kama biskuti imeandikwa 50,000 mAh (mAh ndo kipimo cha chaji inayobeba), haikumaliza hata kujaza simu moja.

Hatua ya 1, ipime mkononi. Ya kukaa mfuko wa shati kihalali ni 5,000, na ya 10,000 inakuwa na uzito wa kama gramu 200 hivi. Nyepesi halafu namba kubwa, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 2, na hapa ndo penyewe, geuza nyuma usome yale maandishi ya kuumiza macho. Kuna namba ya pili ndogo kuliko ile ya mbele, hiyo ndo utakayoipata kweli, maana betri ya ndani ni volti 3.7 na simu inapelekewa volti 5, kuzipandisha kunakula chaji na nyingine inaishia kuwa joto. Ya 10,000 ikikuandikia 6,000 na kitu, hao hawajakudanganya. Isiyoandika kabisa achana nayo.

Hatua ya 3, waya uwe mfupi na mnene. Basi.

Hatua ya 4, baridi. Ukipanda Makete mwezi wa saba ivae ndani ya koti, betri ikipoa inazima mapema wakati chaji bado imo.

MASWALI

– Mkuu naondokea Songwe kwa ndege, hawataichukua?
Iweke begi la mkononi, usiiweke kwenye la kukabidhi. Mwisho bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100, chukua mAh zidisha 3.7 gawa kwa 1,000, ya 20,000 inakuja 74, unapita.

– Za kunasa kwa sumaku je?
Kwanza hakikisha simu yako inachaji bila waya, nyingi za bei zetu hazichaji. Halafu zinapoteza chaji kuliko waya, na juu ya boda barabara ya vumbi mi siziamini.

– Kaka yangu imevimba tumbo, nikiikandamiza itarudi?
Weee dada usithubutu! Usiitoboe wala kuichaji tena, itoe nje mbali na chochote kinachoshika moto.

– Jamani, na nimeilalia chini ya mto wiki nzima.