Jinsi ya Kuhamisha Ujuzi wa Zamani na Unachokipenda Hadi Kazi Mpya

Cheo hakihamishiki. Kinachohamishika ni tendo. Aliyekuwa mwalimu akiingia kwenye mauzo, neno "mwalimu" halimsaidii mtu pale. Lakini kueleza jambo gumu kwa dakika 10, au kumtambua asiyeelewa kabla hajasema, kunafaa tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla hujaripoti kazini, andika matendo 15 hadi 20 uliyokuwa ukiyafanya mwenyewe, kila moja likianza na kitenzi: kukagua hesabu za stoo, kutuliza mteja aliyekasirika, kufupisha ripoti iwe ukurasa mmoja. Sifa kama "mchapakazi" ziache, kwa sababu hazipimiki.

Kwenye karatasi ya pili andika unachokipenda, kisha ukivunje vipande. Anayependa kupiga picha huenda hasa anapenda kuchagua picha 5 kati ya 200, au kumzungumzisha mtu hadi asahau kwamba kuna kamera. Kipande hicho ndicho kinachoingia kazini, wala si kamera. Wengi hukwama hapa: wanatafuta pa kuiweka kamera katika kazi ya uhasibu, wanapakosa, wanakata tamaa.

Florence Nightingale alipenda hesabu, akawa muuguzi. Mwaka 1858, baada ya kuwauguza askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea, alitoa michoro ya takwimu iliyoonyesha kwamba maradhi yanayozuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha. Hesabu zilipata nafasi kwa sababu zilishika tatizo lililokuwa tayari linawaumiza watu.

Sasa linganisha karatasi zako na majukumu uliyopewa. Chagua matendo mawili tu. Ukianza na matano utayafanya yote nusunusu.

Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Kwa mapendekezo, ngoja siku 30. Fanya uliyopangiwa, na kwenye daftari andika kazi inakwama wapi, swali gani linarudiwa, ripoti gani haisomwi. Uliza, "Utaratibu huu ulianzaje?" Hatua inayoonekana ya kipuuzi mara nyingine imewekwa na sheria, au na hasara iliyowahi kutokea. Jichunguze nawe pia, maana mazoea husafiri pamoja na ujuzi. Kasi iliyokusifisha kwenye chumba cha habari ni hatari mahali ambapo kila tarakimu lazima ikaguliwe na watu wawili.

Ukishaona pa kuanzia, usiseme, "Kule nilikotoka tulikuwa tunafanya hivi." Wenzako watasikia kwamba unawadharau, hata kama wazo ni zuri. Sema: "Fomu hizi zinarudishwa mara kwa mara. Naomba nijaribu mpangilio mwingine kwa wiki mbili, tuone kama zitapungua." Ombi hilo linataja tatizo, jaribio, muda na kipimo; likikosa kimoja, msimamizi ana sababu ya kuliahirisha. Na hesabu fomu zinazorudishwa kwa wiki nzima kabla ya kubadili chochote. Bila namba ya mwanzo, hata wewe hutajua kama umefaulu.

Kuna vitu vya kuacha nyuma: orodha za wateja, faili na violezo vya mwajiri wa zamani, hata ulivyovitengeneza mwenyewe. Mara nyingi mkataba huvihesabu kuwa mali yake. Njia ya kufanya kazi unaibeba kichwani, nyaraka zinabaki. Soma pia mkataba mpya, hasa vipengele vya usiri, kazi za nje na umiliki wa unachobuni. Kama unaandika, unachora au unatengeneza programu jioni, omba ruhusa kwa maandishi na usitumie kompyuta ya ofisi.

Shida ya mwisho huja baada ya mafanikio. Ukijulikana kwamba unachora vizuri, kila bango la ofisi litaishia mezani kwako, na kazi uliyoajiriwa itaanza kuchelewa. Taja kiwango mapema, kwa mfano saa 2 kwa wiki, na uandike muda unaotumia. Kiwango kikipitwa wiki nne mfululizo, mpelekee msimamizi daftari hilo umwombe moja kati ya mawili: mabango yaingizwe rasmi kwenye majukumu yako na kitu kingine kiondolewe, au yapewe mtu mwingine.