Chakula cha sheli hakiko sheli: namna ya kula vizuri barabarani

Wadau, kila nikirudi safari nakutana na mtu analalamika eti njiani hakuna chakula, kanunua chipsi zimepoa kwa bei ya kuku mzima alafu tumbo likamsumbua mpaka Mbeya. Mimi nasambaza spea za pikipiki mikoani, mwaka wa tisa huu, leo niko kwenye basi kesho nimepata lifti ya lori keshokutwa niko na kigari cha ofisi, na nawaambia ukweli njiani kuna msosi mtamu kuliko hata mtaani kwenu, ila mara nyingi uko hatua mia kutoka pale ulipoambiwa ushuke ule.

Kwanza elewa kitu kimoja kuhusu ile hoteli basi linaposimama. Dereva na konda wanakula bure pale. Sio siri wala sio dhambi, wameleta watu hamsini na kitu kwa mpigo kwahiyo sahani zao ndo asante ya mwenye hoteli. Ila sasa wewe ukimuona dereva amekaa pembeni anashushia pilau na paja la kuku usiseme "ahaa hapa pazuri, mpaka dereva anakula", yule hajachagua, kachaguliwa, na hata chakula kikiwa kibovu yeye hana hela iliyopotea.

Mtu wa kumfuata ni dereva wa lori. Huyu anapewa hela ya njia na kinachobaki ni chake, kwahiyo kila sahani anaisikia mfukoni, alafu wiki ijayo atapita hapohapo tena, mama akimlisha ugali wa jana leo basi kampoteza yeye na wenzake wote maana hawa watu wanaambiana. Ukiona malori matano sita yamepaki sehemu ambayo haina mzani, haina foleni, hakuna lililoharibika, na mautingo wamekaa kwenye mabenchi wameinama kwenye sahani, simama hapo. Nimesema haina mzani kwasababu pale Vigwaza kwa mfano malori yamesimama kwa lazima, hiyo haikuambii kitu, pale angalia banda gani limejaa na lipi mama anafukuza nzi peke yake.

Sasa sheli. Watu wanaingia sheli wanatafuta chakula ndani ya kile kiduka cha vioo, wanakuta sambusa zimewekwa kwenye kabati lenye taa tangu alfajiri na keki za pakiti, wanasema sheli hamna kitu. Fikiria kidogo tu: sheli huruhusiwi kuwasha moto, hata sigara unafokewa, sasa jiko la mkaa litakaa wapi? Litakaa nje ya ukuta. Kwahiyo mimi nikiingia sheli kubwa ya njiani, zile zenye uwanja wa kupaki malori, naenda chooni, nanunua maji ya baridi, alafu namuuliza kijana wa pampu "bro nyie mnakula wapi?" Sio "wapi kuna chakula", hapo atakuonyesha kiduka cha bosi wake. Uliza WANAKULA wapi. Atanyoosha kidole nyuma ya ukuta kwenye banda la mabati, na hapo ndo utapata ugali wa moto, maharage ya nazi kama uko upande wa Tanga, na mboga ya majani iliyochumwa leo.

Muda nao ni nusu ya utamu. Supu ni ya asubuhi, ukifika kabla ya saa tatu unaikuta inatokota, ukija saa saba unapewa maji ya moto yaliyopita karibu na mfupa. Wali na ugali saa sita mpaka saa nane. Nyama ya kuchoma jioni kuanzia saa kumi na moja. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 hii imekuwa shida kidogo, mnafika sehemu saa sita usiku kila kitu kimepikwa mchana, hapo achana na wali kabisa, tafuta kitu kinachopikwa ukiwa unakiangalia: chipsi mayai, yai la kukaanga, mishkaki mibichi inayowekwa jikoni mbele ya macho yako. Na chapati kama tawa lipo kwenye moto. Nasema hivi kwa uchungu maana kuna sehemu, sitaitaja, nilinunua robo kuku usiku wa manane, kwa nje amekaangwa amekauka ana rangi nzuri kabisa, nimefika kwenye mfupa nakuta damu na ubaridi, yani alikuwa wa mchana karudishwa kwenye mafuta dakika mbili. Nilikaa siku mbili gesti Iringa sijauza hata plagi moja. Tangu siku hiyo kuku namkunja kwanza pale kwenye kiungo mbele ya muuzaji, akichukia achukie.

Alafu jifunze kila sehemu ina chake, usikomae kutafuta chipsi kuku nchi nzima kama vile umeapizwa. Njia ya Bagamoyo kwenda Msata ukipita Kiwangwa ni nanasi, omba ukatiwe moja uonje. Ukielekea Tanga na Muheza ni machungwa, kuanzia mwezi wa tano hivi yanajaa mpaka unaona huruma, na wanakumenyea kwa kisu ile style ya ganda linazunguka bila kukatika. Mombo wanashusha matunda ya Lushoto, mapeasi na plamsi, vitu ambavyo Dar utauziwa kimojakimoja kama dhahabu. Gairo viazi vitamu. Dodoma zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwahiyo usipozikuta usimlaumu mtu. Ukikata Iringa kwenda Dodoma kwa njia ya Mtera utakutana na samaki wa bwawa pale, wa kukaanga na wakavu, chukua wa kukaanga ule hapohapo, mkavu mfunge vizuri la sivyo gari zima litakuchukia. Ruaha Mbuyuni ni vitunguu, hivyo huli njiani ila mke wako atakusamehe makosa ya mwezi mzima. Na wenzetu Uganda, ukitoka Kampala kwenda Jinja, pale Namawojjolo wanakuja dirishani na mishikaki ya kuku na gonja, yani ndizi, za kuchoma, ukipita na tumbo limejaa umejidhulumu mwenyewe.

Singida lazima niongelee peke yake. Kila mtu anajua kuku wa Singida na kwasababu kila mtu anajua basi na matapeli wanajua. Wa kienyeji kweli ana mguu mwembamba mrefu, kidari chake sio kinene, ngozi imekamatana na nyama, na mfupa ukiuvunja unalia "ka!" Wa kisasa mfupa wake unavunjika kimyakimya kama muhogo wa kuchemsha na ndani mwekundu-mweusi, na kifua kipana kama cha mnyanyua vyuma. Sio kwamba wa kisasa ni sumu, mi nakula, ila usilipe bei ya kienyeji. Na wa kienyeji akiwa mlaini sana kwenye meno jiulize mara mbili, yule kakimbia maisha yake yote anakulaje kirahisi hivyo?

Mahindi ya kuchoma, hapa naomba nisikilizwe. Mpita njia wa kawaida anachukua lile ambalo lipo tayari pembeni ya jiko kwasababu ana haraka, lile limekaa, punje zimeshakuwa mawe. Wewe omba lile ambalo bado lina maganda, mwambie mama samahani naomba nilione, fungua juu kidogo, bonyeza punje kwa ukucha wa dole gumba. Likitoa maziwa mengi yanaruka bado changa, litakuwa na sukari ila halina kitu. Likigoma kabisa limekomaa, ni la kusaga hilo. Unataka lile ambalo ukucha unazama kwa shida kidogo alafu maziwa yanatoka mazito kama uji. Hilo likae jikoni dakika kadhaa, anageuza kwa vidole vyake bila kuungua sijui wana mikono ya nini, mpaka punje zinaanza kupasuka pa pa. Alafu nusu ndimu, unaichovya kwenye chumvi na pilipili ya kusaga, unalisugua hindi kuanzia kwenye kitako kwenda juu. Kama ndimu ile imeshasugua mahindi ya abiria arobaini mpaka imekuwa nyeusi omba akukatie nyingine, utalipia hamsini zaidi sio kesi.

Vya kukaa navyo mbali havina hadithi ndefu. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na imetoa maji, hapana. Mafuta meusi yanayotoa moshi wa kuumiza macho, hapana. Juisi ya ndoo yenye barafu ambayo hujui maji yake yametoka wapi, hapana hata kama kuna joto la Same. Yai la kuchemsha ni rafiki yako siku zote ila likiwa na ganda, limenye mwenyewe. Karanga na korosho nunua, ila chungulia chini ya kifuko maana juu huwa wanapanga nzuri. Sehemu ambayo hakuna maji ya kunawa na mama anashika hela na nyama kwa mkono uleule, salimia kwa heshima uondoke.

Kwa wale wa basi, mnaonunua dirishani, muwe na hela ndogo. Ukimtolea kijana msimbazi, yani noti ya elfu kumi, kwa kitu cha buku wakati basi linaanza kusogea unamtesa na unajitesa, yeye anakimbia na chenji wewe umetoa kichwa nje unapiga kelele. Wengi wao ni waaminifu aisee, nishaona dogo Dumila anakimbizana na basi mpaka kwenye tuta kurudisha jero ya mtu. Weka buku buku mfuko wa shati kabla hamjafika. Na maganda yatie kwenye mfuko, hasa mkiingia Mikumi, msirushe dirishani, wale nyani wameshazoea kukaa barabarani kusubiri maganda yenu na wanagongwa.

Mwisho konda akisema "dakika kumi, kuchimba dawa na kula" ujue ni saba, na tatu kati ya hizo ni foleni ya choo. Mimi huwa naacha begi kwa jirani wa siti, namwambia dada nakuomba wakitaka kuondoka piga kelele sema kuna mtu kabaki, alafu natoka mbio kupita hoteli, naenda kule nyuma kwenye moshi. Hajawahi kuniangusha hata mmoja, na nikirudi namletea hindi. La kuchoma, sio la kuchemsha.