Jinsi ya kupima gamba la mbele la ubongo linavyoongoza nyuroni za thalamasi

Kwa panya, ingiza elektrodi (waya mwembamba wa kupima umeme wa nyuroni, yaani seli za neva) kwenye kiini cha kati-mgongoni cha thalamasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo inayowasiliana na gamba, kwa kuwa ndicho kinachopokea nyuzi nyingi kutoka gamba la mbele. Kisha zima gamba hilo kwa kuziwasha nyuroni zake za kuzuia, zilizowekewa protini inayoitikia mwanga wa buluu (nanomita 473). Mwishoni punguza mwanga polepole. Ukiukata ghafla, gamba hurudi kwa msisimko mkali, nawe utapima huo badala ya unachotafuta.

Usitarajie jibu la upande mmoja. Nyuzi za gamba husisimua thalamasi moja kwa moja kwa glutameti (kemikali ya kusisimua), lakini zile za tabaka la 6 huamsha pia kiini cha wavu, tabaka jembamba la nyuroni linaloizunguka thalamasi, ambacho huizuia thalamasi hiyo kwa GABA (kemikali ya kuzuia). Hivyo nyuroni moja ya thalamasi yaweza kupunguza kasi ya mapigo yake ya umeme na jirani yake ikaongeza. Ukizichanganya katika wastani mmoja, athari hizo hufutana na utadhani hakuna kilichotokea.

Tenga pia mikupuo, yaani mapigo yanayofuatana ndani ya milisekunde 4 baada ya kimya cha milisekunde 100. Rudia yote kwa panya asiye na protini hiyo, maana mwanga wenyewe hupasha tishu joto.