Somo: Kutofautisha vifaa vya mwisho na vifaa vya mawasiliano kwenye mtandao

Wakuu, salaam. Vijana wengi wanaojifunza kufunga mtandao hapa Arusha wanakariri orodha: kompyuta huku, swichi kule. Waonyeshe kamera ya CCTV ya mtandao uone watakavyokwama. Orodha tuiache. Jiulize tu: data inaanzia au kuishia hapa (kifaa cha mwisho), au inapita tu (kifaa cha mawasiliano)?

Chukua duka la stationery kama yale ya karibu na soko la Kilombero: kompyuta mbili, printa ya mtandao, swichi ya matundu 8 (kiboksi kinachounganisha vifaa vya dukani kwa waya) na ruta ya laini ya simu (inayounganisha duka na intaneti).

Hatua ya 1. Fuata waya kwa mkono. Chenye waya mmoja wa mtandao mara nyingi ni kifaa cha mwisho. Chenye matundu mengi ni cha mawasiliano. Si sheria, maana seva (kompyuta inayohudumia nyingine) inaweza kuwa na kadi mbili za mtandao.

Hatua ya 2. Printi kurasa kadhaa huku ukiangalia taa za swichi. Tundu la kompyuta na la printa yatapepesa kwa kasi. Kazi imeanzia kwenye kompyuta, imeishia kwenye printa. Swichi imesoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao), ikaangalia kwenye jedwali lake nani yuko tundu lipi, ikapitisha. Habu, viboksi vya zamani vilivyofanana na swichi, hazikuwa na jedwali hilo. Kilichoingia tundu moja kilimwagwa kwenye yote mengine. Ukiuziwa habu leo, umepigwa.

Hatua ya 3. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika *ipconfig*. Namba ya Default Gateway, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ndiyo ruta yako. Kisha andika *tracert 8.8.8.8*, ikuonyeshe njia ambayo data inapita kufika kwenye seva ya Google. Kwa kawaida mstari wa kwanza ni ruta hiyo hiyo. Swichi huioni popote, kwa sababu swichi ya kawaida haishughuliki na anwani za IP (namba kama hiyo 192.168.1.1) inapopitisha data. Ruta ndiyo inayozisoma.

Hatua ya 4. Zima swichi (wateja wakiwa hawapo, tafadhali). Kompyuta zinaendelea kuandika barua, ila hakuna inayoprinti. Iwashe, kisha zima kompyuta moja: nyingine haina habari.

MASWALI

*Mkuu, simu ikiwasha hotspot inaingia kundi gani?*

Yote mawili. Ukitazama video mwenyewe, ni kifaa cha mwisho. Ukiwagawia wenzako bando, kwa data yao inafanya kazi ya ruta.

*Na kile kiboksi cha waifai cha nyumbani?*

Ndani yake mna ruta, swichi na kirusha waifai, vingine na modemu humo humo. Ni cha mawasiliano. Ila ukifungua ukurasa wake kubadilisha nywila, data inaishia kwake.

*Niko Moshi. Nimevuta waya wa UTP (ule wa kawaida wa mtandao) mita 130 kutoka dukani hadi ghalani, printa ya huko haionekani. Nibadilishe printa?*

Iache kwanza. Kikomo cha waya huo ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Weka swichi katikati, penye umeme, au vuta faiba.

*Fundi kaniambia niunge na kile kiplastiki cha kuunganisha waya mbili, ni bei rahisi.*

Hicho hakipokei data na kuirusha upya kama swichi, kinarefusha waya tu. Mita zako zitabaki 130.