Namna ya Kujenga Kazi ya Uandishi wa Vitabu vya Kiada vya Kemia

Mkemia anayetaka kuandika vitabu vya kiada hushauriwa mara nyingi asubiri: amalize kwanza utafiti wake, apande cheo, ndipo aandike akiwa amekwisha kubobea. Historia ya kemia yenyewe haiungi mkono ushauri huo. Mkemia Mrusi Dmitri Mendeleev, aliyezaliwa mwaka 1834, alichapisha kitabu cha kemia ogania, yaani kemia ya michanganyiko ya kaboni, mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 27. Alipopewa nafasi ya uprofesa wa kemia ya jumla katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg mwaka 1867, hakuona kitabu cha Kirusi kilichowafaa wanafunzi wake, na mwaka uliofuata akaanza kuandika cha kwake. Juzuu ya kwanza ilimalizika ikiwa imeshughulikia elementi chache tu, yaani hidrojeni, oksijeni, nitrojeni, kaboni na jamii ya halojeni (klorini na nduguze), ilhali zaidi ya elementi 50 zilizojulikana wakati huo zilikuwa bado zinasubiri kuingizwa katika juzuu ya pili. Alihitaji kanuni ya kuzipanga zote hizo bila kumchosha msomaji, na katika kuitafuta kanuni hiyo ndipo alipolifikia, mwaka 1869, jedwali la elementi ambalo leo hutundikwa katika kila maabara ya shule. Kwa hiyo anayeandika kitabu cha kiada asidhani kwamba ameacha kemia kando ili awahudumie wanafunzi, kwa maana kupanga maarifa ili mtu mwingine aweze kuyafuata ni kazi ya kemia kamili.

Kazi hii huanzia darasani. Fundisha somo lilelile kwa miaka kadhaa mfululizo, na uwe na daftari la pekee ambamo unaandika, mara tu baada ya kila kipindi, swali aliloliuliza mwanafunzi kwa maneno yake mwenyewe na kosa lililojirudia katika mazoezi. Usiandike kwamba mada ilikuwa ngumu, maana maelezo kama hayo hayatakusaidia chochote utakapokaa kuandika. Andika ni wapi hasa fikra ilipokatikia.

Tuchukue mfano mmoja. Wanafunzi wanaambiwa wayeyushe gramu 4.0 za haidroksidi ya sodiamu ili wapate myeyusho wa sentimita za ujazo 500, kisha watafute ukolezi wake, yaani moli ngapi zimo katika kila lita; moli ni kipimo cha kiasi cha dutu. Kwa kuwa masi ya moli moja ya haidroksidi hiyo ni gramu 40, wengi hufika salama kwenye moli 0.10. Hapo ndipo baadhi yao hugawanya 0.10 kwa 500 na kupata 0.0002, bila kushtuka, na wengine huzidisha kwa 1,000 kwa sababu kanuni waliyoikariri inasema hivyo. Mwandishi aliyeliona kosa hili darasani hatatanguliza kanuni. Ataandika sentensi moja kabla yake: ikiwa nusu lita imebeba moli 0.10, lita nzima ya myeyusho huohuo ingebeba moli ngapi? Msomaji atajibu 0.20 kabla ya kushika kalamu, na kanuni itakapokuja itakuwa inathibitisha jambo analolijua. Mfano huohuo una mtego wa pili ambao huonekana maabara tu. Kupima sentimita 500 za maji na kumwagia chumvi au besi ndani yake si sawa na kuiyeyusha kwanza katika maji kidogo, kuihamishia katika chupa ya kupimia ujazo, kisha kuongeza maji hadi kwenye alama, kwa kuwa myeyusho wenyewe, si maji, ndio unaopaswa kufika sentimita za ujazo 500. Kitabu kinachosema tu "yeyusha katika maji sentimita 500" kimemfundisha msomaji kosa, hata kama hesabu yake yote ni sahihi. Daftari likijaa mambo ya namna hii, nusu ya kitabu imekwisha kupatikana.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, nayo ni mpangilio. Mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alieleza katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1789 kwamba alianza akikusudia kufafanua tu mageuzi ya majina ya dutu za kemia, lakini kazi ikageuka mikononi mwake hadi ikawa kitabu cha misingi ya somo zima. Alikataa kuanza na yale ambayo wakemia wa zamani walipenda kuyatanguliza kuhusu asili ya maada. Alitaka msomaji atoke kwenye jambo linalojulikana aende kwenye lisilojulikana, na akaita elementi kila dutu ambayo uchambuzi ulikuwa haujaweza kuigawa zaidi. Orodha yake ya dutu sahili 33 ilijumuisha mwanga na joto, ambavyo leo hatuviiti elementi, lakini mpangilio wake wa fikra ulidumu kuliko orodha yenyewe.

Ili uupate mpangilio wako, andika kila dhana kwenye karatasi yake, na chini yake uorodheshe mambo ambayo msomaji lazima awe ameyajua kabla ya kuifikia. Kipimo cha pH, kinachoonyesha kiwango cha asidi, kinadai logi (logarithimu) na ukolezi; nguvu ya asidi inadai msawazo wa kemikali; msawazo nao unadai kwamba msomaji amekwisha kukubali kuwa mmenyuko unaweza kwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Zipange karatasi hizo mpaka pasibaki dhana inayotumika kabla haijaelezwa. Utagundua kwamba mihtasari mingi ya masomo haitimizi sharti hili, na hapo itakubidi uamue kama utaufuata muhtasari jinsi ulivyo au utaongeza kurasa chache za maandalizi. Nashauri uongeze kurasa. Mwalimu anayezijua mada hizo ataziruka, na mwanafunzi anayesoma peke yake zitamwokoa.

Habari ya mwanafunzi anayesoma peke yake inatuleta kwa Jane Marcet. Hakuwa mtafiti wa maabara. Alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi mjini London, akaona kwamba mtu asiye na maandalizi huachwa nyuma upesi, naye akaandika mazungumzo baina ya mwalimu, Bi B., na wasichana wawili, Emily na Caroline. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1806, na kwa miaka mingi hakikubeba jina la mwandishi wake. Miongoni mwa waliokisoma alikuwemo kijana Michael Faraday, aliyekuwa akijifunza ufundi wa kujalidi vitabu, na ambaye katika utu uzima wake, akiwa mwanasayansi mashuhuri, alimtaja Marcet kwa shukrani. Kabla hujaandika sura ya kwanza, amua unamwandikia nani na uandike uamuzi huo katika aya moja: anajua hesabu kiasi gani, ana maabara au hana, ana mwalimu wa kumwuliza au yuko peke yake. Kila unapositasita kuhusu neno au mfano, rejea kwenye aya hiyo.

Katika uandishi wenyewe, fanya kila jaribio kwa mikono yako mwenyewe kabla ya kulieleza, tena kwa vifaa ambavyo msomaji wako atakuwa navyo. Maagizo ya usalama yaambatane na sababu zake. Ukiandika kwamba asidi ya salfuriki kali humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, eleza papo hapo kwamba joto kali linalotolewa laweza kuyachemsha maji machache yaliyo juu ya asidi na kuirusha asidi usoni. Agizo lenye sababu hukumbukwa hata kitabu kisipokuwepo mezani.

Majibu ya mazoezi yakokotolewe na mtu mwingine asiyeona majibu yako. Jambo hili ni dogo kulitaja na kubwa kulipuuza, kwa kuwa jibu moja lisilo sahihi mwishoni mwa kitabu humfanya mwanafunzi aliyepatia aamini kwamba amekosea, na mwalimu akilikuta mara mbili atakiweka kitabu kando. Michoro nayo isiachwe hadi mwisho. Michoro ya vifaa katika kitabu cha Lavoisier ilichorwa na mkewe, Marie-Anne Paulze, aliyeijua maabara ile kwa kufanya kazi ndani yake. Mchoraji wako asipoijua maabara, keti naye mbele ya kifaa chenyewe.

Mchapishaji apelekewe sura mbili zilizokamilika, mpangilio wa kitabu kizima na ile aya inayomweleza msomaji. Mkataba usomwe wote, hasa vifungu vya mrabaha (fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu), hakimiliki, ruhusa za picha na matoleo yajayo. Waandishi wengi huhangaikia asilimia ya mrabaha na kusahau matoleo, na kitabu cha kiada huishi kwa kurekebishwa. Mendeleev aliendelea kukirekebisha kitabu chake hadi toleo la nane la mwaka 1906, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, na matoleo hayo yaliweza kuingiza galiamu iliyogunduliwa mwaka 1875, skandiamu ya mwaka 1879 na jerimani ya mwaka 1886, elementi ambazo alikuwa ameziachia nafasi wazi katika mpangilio wake. Katika wakati wetu, elementi nne mpya zilipewa majina rasmi mwaka 2016, na tangu tarehe 20 Mei 2019 moli haifafanuliwi tena kwa gramu 12 za kaboni-12 bali kwa idadi kamili ya chembe 6.02214076 × 10²³. Kwa hiyo weka nakala moja ya kitabu chako mezani kwa ajili ya marekebisho tu: kila kosa, kila barua ya mwalimu na kila badiliko la kanuni za kimataifa liandikwe pembezoni mwa ukurasa unaohusika, pamoja na tarehe.

Baada ya matoleo machache utahitaji mwandishi mwenza aliye mdogo kwako. Mtafute mapema, mpe sura moja aiandike upya, na usomeni pamoja alichoandika mpaka mkubaliane kila sentensi. Kisha andikianeni, kupitia mchapishaji, nani atabaki na neno la mwisho kuhusu mpangilio wa sura, jina la nani litatangulia jaladani, na mrabaha utagawanywaje siku ambayo mmoja wenu hataweza tena kuandika.