Feni ya laptop ikinyamaza baada ya kusasisha kerneli

Kama uko Linux na feni yako inaendeshwa na fancontrol (programu inayopanga kasi ya feni kulingana na joto), kila ukisasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, iangalie feni kwanza kabla hujaendelea na kazi. Juzi yangu ilikaa kimya kabisa. Nilishtuka mapaja yalipoanza kuungua, kutazama sensa nakuta nyuzi 91!

Feni ilikuwa nzima. Kerneli huzipa sensa namba kwa kadiri zinavyojitokeza wakati mashine inawaka, kwa hiyo iliyoitwa hwmon3 (sensa namba 3) jana inaweza kuamka leo ikiwa hwmon5, huku faili la mipangilio, /etc/fancontrol, bado linaitafuta kwa namba ya zamani. Andika hivi kwenye terminali:

grep . /sys/class/hwmon/hwmon*/name

Linganisha majina utakayopata na mstari wa DEVNAME (unaoonyesha namba ipi ni ya sensa ipi) ndani ya faili la /etc/fancontrol. Yakipishana, endesha sudo pwmconfig upya ili faili hilo liandikwe tena, halafu sudo systemctl restart fancontrol. Tafadhali funga kazi nzito kwanza, maana pwmconfig huzisimamisha feni kwa muda ili kuzijaribu.

Huna nafasi sasa hivi? Zima, washa, na kwenye menyu ya GRUB (inayotokea mashine inapowaka) chagua kerneli ya zamani. Ndiyo maana mimi siifuti mapema.